Eliaichi na Mtoto wa Meitamei

Siku ya kwanza nilipoonana na Eliaichi tuligombana. Alileta sketi nyeusi nimshushie pindo, nikamshushia, na alipokuja kuichukua akasema upande mmoja umezidi. Nilimwambia kilichozidi ni kiuno chake, si cherehani yangu. Wateja waliokuwa barazani walicheka, yeye hakucheka. Aliivaa palepale juu ya kitenge, akasimama wima mbele yangu mpaka nikainama kutazama, na kweli pindo lilikuwa limekwenda upande. Nikaifumua. Tangu hapo tukawa marafiki, maana mimi Zuena si mwepesi wa kushindwa na mtu, na anayenishinda namweka karibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Karatu ikiwa bado barabara moja ya vumbi jekundu, magari ya watalii yakipita kwenda Kreta ya Ngorongoro bila kusimama ila kwa mafuta na soda. Mume wangu Abdulwahabu alikuwa na duka la vipuri, nami nikashona barazani kwake. Sisi ni Warangi wa Kondoa. Eliaichi alikuwa Mchaga wa Machame, amekuja kumfuata mumewe Leodegar, dereva wa watalii, mtu wa mashati meupe na maneno mengi. Leodegar alimjua kila chui wa Ndutu kwa jina alilompa mwenyewe. Kisha akaanza kukohoa na kukonda. Miaka ile mtu akikonda, majirani walishusha sauti wakitaja jina lake, na wengine waliacha kulitaja kabisa. Alizikwa kwao Machame. Mtoto wao pekee alikuwa ametangulia akiwa mchanga, na ndugu wa mume walimtazama Eliaichi msibani kwa jicho ambalo hakutaka kuliona tena. Akapanda basi, akarudi Karatu peke yake. Alipimwa, akakutwa mzima. Mtaa haukusadiki.

Basi alihitaji kazi, na kazi ikapatikana Kituo.

Kituo kilikuwa juu kidogo ya duka letu, njia ya kwenda hospitali ya misheni. Kibao kilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini hakuna aliyehangaika nalo, sote tulisema Kituo. Mkurugenzi wake aliitwa Godson, Baba Angel kwa waliomzoea, Mchaga mwenzake Eliaichi, mtu wa kanisa, mtaratibu, mwenye kupangusa miwani kila akiulizwa jambo gumu. Mimi si mtu wa kusifia ovyo, na watu wa semina na vikao nimewaona wengi wakila kuku na kuondoka. Lakini Kituo kilifanya kazi. Kilipeleka mahindi na maharage Daa na Endamarariek kwa mabibi waliobaki na wajukuu baada ya wazazi kuisha. Kililipia shule. Vijana wakubwa walipelekwa kujifunza useremala, na wasichana wawili watatu waliletwa kwangu wakajifunza kukata na kushona. Wasio na mtu kabisa walilala Kituoni, na hao ndio waliokuwa watoto wa Eliaichi. Aliwaosha, aliwanyoa, aliwachapa kidogo, aliwauguza. Wote walimwita Mama. Sare zao nilishona mimi.

Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake ng'ambo, aliyeletewa picha na habari za maendeleo yake. Sharti lilikuwa moja, nalo lilijulikana hata kwa wauza nyanya: mtoto awe yatima. Aliyefiwa na baba alipokelewa, kama nyumbani hakuna uwezo. Aliye na baba hai hakuingia, hata kama baba huyo ni mlevi wa kutupwa.

Nanyokie aliletwa wakati wa mvua za Elinino. Mama yake alishushwa kutoka Piyaya, huko Umasaini, juu ya lori la mahindi, anakohoa damu, na mtoto kamshika shuka. Hospitali ilisema ni kifua kikuu, atakaa muda mrefu, na mtoto hawezi kulala wodini. Manesi wakamwomba Godson. Godson akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Mama akajibu kwamba mume wake, Meitamei, amefariki. Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeuliza amefariki lini.

Huyo mama alipona. Wakati wote aliokuwa kitandani alikuwa akimtazama nesi mmoja wa Kimasai, binti mrefu, aliyempa dawa na kusema na madaktari bila kuinamisha kichwa. Siku ya kuondoka alimwambia Eliaichi, kwa Kiswahili chake kidogo, "Huyu abaki. Nataka awe kama yule." Shemeji zake kule Piyaya walinung'unika, lakini kwao mjane hatoki nyumbani kwa marehemu wala haolewi tena. Nyumba ya Meitamei iliendelea kuwa ya Meitamei, na mwenye kauli juu ya watoto wa nyumba hiyo alikuwa yeye mama. Alisema Nanyokie haozwi mpaka asome, na neno lake likasimama.

Miaka ikapita kwa heri. Eliaichi hakutakiwa kupendelea, na alijitahidi, lakini sisi wengine tulikuwa na macho. Huyo mtoto alikuwa akija naye dukani kwangu kila Jumamosi, akikaa chini ya meza ya cherehani kuokota vifungo. Nilimtania Eliaichi kwamba amelea Mmasai wa kwanza anayeongea Kiswahili cha Machame. Nanyokie alikuwa na akili nyepesi, na Kiingereza kilimkaa mdomoni kuliko kwa walimu wengine ninaowajua. Alipofika darasa la sita hakuna mgeni aliyefika Kituoni asiletewe Nanyokie amkaribishe. Neno la unesi lilikuwa halijamtoka mama yake. Ilibaki mtihani wa darasa la saba, kisha sekondari, na mfadhili wake alishaahidi kumpeleka mpaka mwisho.

Mfadhili mwenyewe alikuja. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye macho mepesi ya machozi. Alimkumbatia Nanyokie getini mpaka sote tukatazama pembeni. Godson akaandaa siku ya shukrani, akaagiza mama mzazi aletwe kutoka Piyaya. Mama akaja kwa heshima zote, na shanga za kumvisha mgeni, na mwanawe wa kiume akamswagia mbuzi wa zawadi. Nami nilikuwepo kwa sababu magauni ya kwaya nilishona mimi, na nilitaka kuona nani kalipasua la kwake.

Mama aliposimama kusema, Nanyokie alisimama kando yake kutafsiri. Mama alisema kwa Kimasai, polepole, na Nanyokie akageuza kwa Kiingereza, na Godson aliyekaa jirani yangu akawa ananinong'oneza kwa Kiswahili. Mama alishukuru. Akasema Meitamei huko aliko anashukuru pia, kwa maana jina lake halikupotea. Akamshika bega mwanawe aliyeleta mbuzi, sasa morani, mwanamume mzima mwenye ndevu zinazochipua, akasema, "Meitamei alikufa huyu akiwa bado mgongoni kwangu. Lakini nyumba yake haikufa. Nimemzalia na binti huyu, naye atakuwa nesi."

Nanyokie alitafsiri yote, kwa sauti safi, bila kuruka hata neno. Aliitafsiri kwa fahari, maana ndivyo alivyofundishwa nyumbani kila likizo na ndivyo ilivyokuwa. Godson alikatiza mnong'ono wake katikati. Nilimtazama yule mama wa Kizungu. Alikuwa anamtazama morani, kisha anamtazama Nanyokie, kisha morani tena.

Sisi tuliokaa karibu na Wamasai tunalijua jambo hili na hatulioni ajabu. Mjane akiendelea kuzaa, mtoto ni wa marehemu. Ni mtoto wake kwa jina, kwa mifugo, kwa baraka na kwa laana. Mwanamume aliyefika nyumbani hapo, na kawaida ni wa rika la marehemu, hatajwi, si kwa sababu ni siri. Mtaa mzima unamjua. Hatajwi kwa sababu kumtaja ni kumpokonya marehemu mtoto. Mama Nanyokie hakudanganya mtu, lakini yule mgeni angejuaje? Alikuwa mtu mwema, na huo wema ndio uliomuuma. Aliona kwamba miaka yote hiyo amemlilia yatima ambaye baba yake yuko mahali fulani anakunywa chai.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Zilikuwa zimevuma habari za vituo vingine, huko mbali, vilivyojaza watoto wenye wazazi wote ili wavute wafadhili. Wakubwa wa ng'ambo walikuwa wameagiza kila mtoto achunguzwe upya. Wiki ileile Godson alimwita Eliaichi ofisini, na Eliaichi akashuka kwangu akiwa bado amevaa aproni ya jikoni.

"Wanasema mama alidanganya," akaniambia. "Wanataka kujua baba ni nani. Asiposema, mtoto anaondolewa."

"Na Godson hajui mila za watu anaokaa nao?"

"Anajua. Nilimwambia, 'Baba Angel, wewe unajua.' Akapangusa miwani. Akasema yeye anaelewa, ila wao atawaelezaje." Alikaa kwenye kigoda. "Ameniambia mama akija akasema ukweli, mbele ya mkaguzi wao, yeye atamtetea. Anasema wale watu kinachowaudhi ni uongo tu. Wakisikia kweli watasamehe."

Nilimuuliza kama anaamini. Akasema Godson ni mtu wa kanisa. Hilo halikuwa jibu, lakini ndilo aliloshika.

Tulikwenda Piyaya kwa gari la Kituo, akiendesha Clemensi, Mwiraki wa Endamarariek aliyezunguka Ngorongoro miaka mingi mpaka Kimasai kikawa lugha yake ya tatu. Mimi nilikwenda kwa sababu Eliaichi aliniomba, na kwa sababu nisingekubali kusimuliwa. Tulipanda ukingo wa Kreta kwenye ukungu, tukashuka Olbalbal kwenye jua kali, kisha tukakata tambarare kuelekea kaskazini, vumbi likiingia hata kwenye meno. Njia nzima mizoga ya ng'ombe. Mvua zilikuwa zimekosa, na kabla ya hapo ugonjwa ulikuwa umepita. Clemensi alituonyesha zizi moja pembeni mwa njia, samadi imekauka na kupasuka, ndama wachache wamesimama kama wamesahauliwa.

"Hilo la Olais," akasema. "Mlikuwa mkitafuta baba, mama zangu, basi ndiye huyo. Alikuwa na zizi la kujivunia. Sasa mmeliona."

Mama Nanyokie alitupokea kwa chai ya maziwa ambayo sijui aliyapata wapi. Tukakaa ndani ya nyumba yake, moshi unatutoa machozi sote watatu, na Eliaichi akaeleza shida yetu. Clemensi akawa anatafsiri, huku akitazama chini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno fupi.

"Anasema hapana," akasema Clemensi.

Eliaichi akaeleza tena. Mama akajibu kwa urefu safari hii, na Clemensi alikawia kugeuza. "Anasema Meitamei ana boma lake. Ana alama yake ya ng'ombe. Ana watoto. Akisimama mbele ya watu aseme huyu ni wa mtu mwingine, atakuwa amemuua Meitamei mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Anauliza, wewe ni mjane mwenzake, ungefanya hivyo?"

Eliaichi alitoka nje. Clemensi alikuwa amemwambia njiani kwamba Mmasai akiombwa na mtu aliyeshika majani mkononi, hawezi kumfukuza hivihivi. Nilimwona mwenzangu, Mlutheri wa Machame, akizunguka lile boma katika ukame ule akitafuta majani mabichi, na asiyapate. Akarudi na kishada cha majani makavu, akapiga magoti mbele ya yule mama, akakishika kwa mikono miwili. Mama aliyatazama yale majani makavu.

"Nikisema," akauliza, na hilo alilisema kwa Kiswahili mwenyewe, "mtoto atabaki shule?"

"Atabaki," akasema Eliaichi.

Alisema kwa moyo wake wote. Nilimsikia, nami nikaamini, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitaka sana kuamini.

Mama alikuja Karatu na Olais. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shuka safi na fimbo, anatembea taratibu kama mtu asiye na shida na dunia. Mkaguzi alikuwa kijana wa Kizungu mpole, aliyekunja miguu yake mirefu chini ya meza na kuwakaribisha wote soda. Tulikaa ofisini, mimi kwa kisingizio cha kuleta sare. Mama akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto Nanyokie alimpata kwa huyu, Olais. Clemensi akatafsiri. Mama akakaa, akajifunika kichwa kwa shuka.

Olais naye akasimama. "Ni kweli nilifika nyumbani pale," akasema. "Lakini mtoto ni wa Meitamei. Meitamei alikuwa wa rika langu." Clemensi alitafsiri na hayo, lakini niliona yamempita yule kijana pembeni. Yeye alikuwa ameshapata alichokuwa akitafuta. Alishukuru kwa ukweli wao, akasema ni jambo la heshima. Kisha akamuuliza Olais, kwa upole uleule, kama ana ng'ombe.

Olais alinyoosha mgongo. "Ninao."

"Wa kutosha kutunza familia?"

"Mimi ni mwanamume. Ninao."

Tulikuwa tumeliona lile zizi. Clemensi alikuwa ameliona, na jasho lilimtoka akitafsiri. Lakini ukimuuliza mzee wa Kimasai mbele ya wageni na wanawake kama ana ng'ombe, unamuuliza kama yeye ni mtu. Angejibu nini kingine? Hata angekuwa amebaki na kengele ya ng'ombe tu, angesema anao.

Eliaichi akasimama. "Wamekufa," akasema. "Baba Angel, waambie wamekufa. Sisi tumefika, tumeona."

Olais akamgeukia. Alimtazama tu, na hasira na aibu ya macho yale mimi sitazisahau. Godson akavua miwani. "Dada Eliaichi," akasema, "mzee amejibu mwenyewe."

Wakazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza. Kisha Godson akageuka kutuambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mama amesema kweli na Kituo kinamshukuru. Lakini sasa imebainika kwamba mtoto ana baba hai, mwenye mali, na Kituo ni cha yatima. Nafasi yake kuna mtoto mwingine anaihitaji zaidi. Mtoto ataunganishwa na baba yake. Atapewa godoro, blanketi na madaftari, ili aendelee na shule huko kwao.

Mama Nanyokie alifunua kichwa wakati Clemensi anatafsiri. Hakumtazama Godson wala yule kijana. Alimtazama Eliaichi. "Ulisema atabaki," akasema.



Eliaichi alijaribu, nataka ijulikane hivyo. Alimwomba Godson akae na mtoto yeye mwenyewe, katika chumba chake cha kupanga, amlipie yeye mwenyewe shule. Godson akasema mtoto si mbuzi wa kuhamishwa zizi kwa mdomo, taratibu zinataka arudi kwa familia. Eliaichi akazunguka ofisi moja hadi nyingine, na kila alipokaa kwenye benchi aliulizwa kama mtoto ana baba. Akisema anaye, waliuliza sasa shida yako nini mama. Siku ya kuondoka Nanyokie alipita kwangu akiwa amevaa sare yangu, akaniaga kwa heshima, "Kwaheri Mama Zuena." Nikamwambia atarudi. Nilimwambia kwa sababu ndicho kinachosemwa.

Kilichofuata tulikipata kwa Clemensi kipande kwa kipande. Ndugu wa Meitamei walisikia. Wakamwambia mjane kwamba ikiwa amesema mbele ya serikali kwamba mtoto si wa Meitamei, basi si wa kwao, na hana tena neno juu yake. Kwao ofisi yoyote yenye meza ni serikali. Kauli yote aliyokuwa nayo juu ya binti yake aliipata kwa jina la Meitamei, na jina hilo alikuwa amelivua mwenyewe, mbele yetu, kwa sababu tulimwomba. Nanyokie akawa mtoto wa Olais.

Na Olais hakuwa shetani. Ningependa awe shetani, ningelala vizuri. Alikuwa mzee aliyefilisika katika ukame, ana wake na watoto wanaolala na njaa, na ghafla amepewa binti mkubwa. Akamwoza kwa mtu wa Malambo aliyekuwa bado na ng'ombe. Binti akafanyiwa yale wanayofanyiwa wasichana kabla ya kuolewa, akanyolewa, akavishwa shanga, akapelekwa. Wenzake wa Kituoni walikuwa wanajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Clemensi alimkuta Olais mnadani akamuuliza kwa nini. Olais akamjibu, "Mimi sikumwomba mtoto huyo. Ofisi ndiyo iliyonipa."

Eliaichi aliacha kazi. Wengine walisema alifukuzwa, lakini mimi nilikuwepo alipomrudishia Godson funguo za stoo. Akaja barazani kwangu, nikampa kazi ya vifungo na pindo. Alikonda, na mtaa ukashusha sauti tena. Kanisani alikwenda lakini alikaa nyuma karibu na mlango. Watoto wa Kituo walipopita kwenda shule walimwita Mama, naye aliwaitikia bila kuinua macho kwenye sindano. Nilijaribu kumtania. Nilimwambia pindo zake zinakwenda upande siku hizi. Akasema ni kweli, akafumua.

Godson mwenyewe ndiye aliyekuja. Kituo kilikuwa kimepata mradi mpya, kwa ajili ya wasichana walioozwa wakiwa wadogo. Watasomeshwa tena, watakaa na watoto wao, watafundishwa kazi. Alisimama mbele ya cherehani yangu akipangusa miwani na kusema, "Dada Eliaichi, nimemkumbuka Nanyokie. Huyu sasa anafaa kabisa. Wewe utampata."

Anafaa kabisa. Nilimtupia macho, nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisije nikasema neno mbele ya wateja. Lakini Eliaichi alikuwa ameshainuka, na usoni mwake kulikuwa na kitu nilichodhani kimezikwa. Nani mimi nimzuie?

Hatukuhitaji kwenda Malambo. Haikupita muda Clemensi akatuletea habari kwamba Nanyokie yuko hospitali ya misheni, ameleta mtoto mwenye homa. Tulimkuta kwenye benchi la wanaosubiri, amejifunga shuka ya buluu, kichwa kimenyolewa, masikio yamejaa shanga. Alikuwa mrefu kama mama yake. Mtoto alikuwa kifuani, anahema kwa haraka. Nesi aliyekuwa akipita hakuwa yule wa zamani.

Alitusalimu vizuri. Kiswahili chake kilikuwa kimekuwa kizito, anatafuta neno kabla ya kulitoa. Eliaichi alikaa kando yake akamweleza mradi, haraka haraka, kana kwamba basi linaondoka. Chumba kipo. Mtoto atakuwa naye. Atarudi darasa la sita, hata la saba, na baada ya hapo kuna njia.

"Nitaacha kwetu hivihivi?" akauliza Nanyokie.

"Kituo kitakusimamia. Mkurugenzi amesema."

"Watauliza maswali?"

Eliaichi alisita. "Madogo tu. Umeolewa na nani. Nani alikuoza."

Nanyokie alimweka mtoto vizuri begani. Hakuonekana amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama alijibu swali moja," akasema. "Sasa anakaa peke yake pembeni ya boma la shemeji zake, na mimi nikienda kumsalimu anaambiwa mimi si wake. Mimi ninaye huyu mmoja. Sitajibu kitu."

"Nanyokie, safari hii si kama ile."

"Mama, na ile ulisema hivyo."

Watu waliitwa mmoja mmoja wakaingia kwa daktari. Eliaichi aliunyoosha mkono, akagusa mguu mdogo uliojitokeza kwenye shuka, ukamchoma kwa homa. Kwa sauti ya chini akauliza mtoto anaitwa nani.

Nanyokie alimfunika mtoto kichwa, akatazama mlango wa daktari, na hakumjibu.